Wanaokwenda Kampala: «usituletee aibu» haitoshi

Butembo. – Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, mambo ni yale yale katika mji wetu. Familia zinahesabu dola, sanduku linatafutwa sokoni, na siku chache baadaye kijana wa miaka 18 au 19 anapanda gari la Kasindi. Anavuka Mpondwe, anapita Kasese, na kesho yake amekwisha kufika Kampala. Wengi wanaanza kwa kujifunza Kiingereza miezi michache, kisha wanaingia univasite. Wa Beni wanafanya hivyo, wa Bunia hivyo, wa Goma pia. Sisi wa Grand Nord tunaijua barabara ya Kampala kuliko ile ya Kinshasa.

Jioni ya mwisho kuna maombi na chakula. Papa anasema maneno yake: soma, usisahau Mungu, feza haiokotwi barabarani. Halafu inakuja ile sentensi ambayo kila mmoja wetu anaijua: «Usituletee aibu.» Kwa msichana maana yake ni usirudi na mimba. Kwa mvulana maana haiko wazi sana, labda usituletee mke ambaye hatujui kwao. Kisha wote wanasema amina na kulala, kwa sababu gari linaondoka alfajiri.

Wandugu wasomaji, ninaandika leo juu ya sentensi hiyo. Haitoshi. Na kuna siku ambapo inaumiza kuliko kunyamaza. Sisemi wazazi wana nia mbaya. Ninasema ni hesabu ya masaa tu, na hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtu yeyote.

Kuna dawa ambayo inazuia virusi vya Sida kuingia mwilini baada ya mtu kubakwa, au baada ya kulala na mtu bila kinga, au kapoti ikipasuka. Waganga wanaijua vizuri, hapa kwetu na Uganda pia. Lakini lazima ianzishwe ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Baada ya kuanza, inamezwa kila siku kwa siku 28.

Sasa tuhesabu. Tuseme msichana ameshikwa kwa nguvu Ijumaa saa nne ya usiku. Jumamosi anaoga, anaoga tena, anafua nguo zote, analia peke yake. Jumapili anakwenda kanisani na kukaa nyuma kabisa. Jumatatu ana somo asubuhi. Mchana papa anapiga simu kuuliza kama minerivali imepokelewa, naye anajibu kwamba kila kitu ni sawa. Jumatatu saa nne ya usiku masaa 72 yamekwisha. Jumanne ndipo anapata ujasiri wa kumwambia rafiki.

Hospitali haikuwa mbali. Kampala haikosi hospitali. Dawa haikukosekana. Kilichokula masaa yale ni ile sentensi ya jioni ya mwisho. Msichana aliisikia hivi: jambo likinipata, kosa ni langu, na familia yangu itanichukia kuliko yule aliyenitendea. Hakuna mzazi aliyekusudia kusema hivyo. Lakini ndivyo ilivyosikika, na mimi sijaona mtoto aliyesikia tofauti.

Tuseme pia jambo ambalo hatupendi kusema. Tunapowaonya watoto, tunawaonya juu ya watu wa huko: jihadhari na Waganda, jihadhari na watu wa boda, jihadhari na wale wa baa za Kabalagala. Sawa. Lakini mwanafunzi mgeni hapokelewi na mtu wa baa. Anapokelewa na mtu wa kwetu. Ni yaya mmoja ambaye amekaa Kampala miaka sita, anajua Luganda, anamngoja kwenye kituo cha mabasi, anabeba sanduku, anampeleka kwenye chumba Nsambya au Katwe au Makindye. Ni yeye anayezungumza na mwenye nyumba. Ni yeye anayebadilisha dola. Mara nyingine ni yeye ambaye wazazi wanamtumia feza ya miezi mitatu ili amgawie mtoto kidogo kidogo. Walio wengi ni watu wa heshima na wanasaidia kweli, bila wao nusu ya wanafunzi wetu wangelala nje. Lakini angalieni kile tulichofanya: tumemweka mtoto ambaye hajui lugha, hajui mji, hana feza mkononi, chini ya mtu mmoja. Siku ambapo mtu huyo anabisha mlango usiku na kusema «mimi ndiye ninayekulipia nyumba», msichana atajibu nini? Na kama asipojibu kitu, tutasema alikubali?

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa swali hili kutoka mbali. Tuliliishi wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Kazi zilikuja na magari meupe, na wanawake wetu wakaambiwa kwamba kazi inapatikana kwa kulala na mkubwa. Tume huru iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS. Wengi wa wanawake wale hawakushikiwa kisu. Waliwekewa mkate wa watoto wao upande mmoja na kitanda upande mwingine. Mji mzima ulikasirika, na kwa haki. Hasira ile ile iko wapi wakati mwenye kuomba kitanda ni mtoto wa jirani, na kinachotolewa si kazi bali kodi ya chumba?

Nawageukia vijana wanaume, kwa sababu maonyo yetu yote tunayaweka kichwani mwa wasichana kama mtungi wa maji, na wavulana tunawaacha waende mikono mitupu.

Shuleni tulifundishwa methali ya Kifaransa kwamba asiyesema neno amekubali. Nyumbani pia tumesikia kwamba msichana mwenye adabu hawezi kusema ndiyo siku ya kwanza, lazima akatae kidogo. Kwa mambo ya ndoa wazee walikuwa na njia yao: ujumbe unatumwa, familia zinakaa, mbuzi wa mahari wanahesabiwa, na watu wazima wengi wanashuhudia. Ukitaka unaweza kuicheka njia hiyo, lakini ilikuwa na maswali na majibu mbele ya watu. Leo kijana anabaki na kile kipande kimoja tu, «akikataa anataka umbembeleze», halafu anakibeba mpaka kwenye chumba cha kupanga huko Makindye, ambako hakuna mzee, hakuna shahidi, hakuna mbuzi. Kipande hicho peke yake ni hatari.

Kwa hiyo tuseme wazi. Kukubali ni kukubali kwa hiari. Mtu aliyelewa mpaka hajui aliko hawezi kukubali. Mtu aliyelala hawezi kukubali. Mtu anayeogopa kufukuzwa chumbani hakubali, anajiokoa. Aliyekubali wiki iliyopita hajakubali leo. Aliyekubali kubusiana hajakubali mengine. Na anayekubali anaweza kubadilisha nia katikati, na hapo unaacha, hata kama umekasirika, hata kama umelipa chakula, kinywaji na boda ya kwenda na kurudi. Chipsi na kuku havijawahi kuwa mahari.

Namna ya kujua ni rahisi: uliza. Vijana wanasema kuuliza kunaharibu mambo. Mimi ninaona kinachoharibu mambo ni kukaa kituo cha polisi cha nchi ya kigeni ukitafuta maneno ya Kiingereza ya kujieleza. «Unataka?» ni neno moja. «Tuache?» ni neno moja pia. Akinyamaza, akigeuza uso, akikaza mwili, jibu umeshapewa. Na wewe msichana unayekwenda kujifunza Kiingereza, mbele ya sarufi na mbele ya kuhesabu shilingi, jifunze kusema sitaki na niache katika lugha hiyo, kwa sauti, mpaka yatoke kinywani bila kufikiri.

Sheria nayo inavuka mpaka pamoja nawe, ila inabadilisha nguo. Kwetu, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inasema kwamba kulala na mtu wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama alikubali. Uganda pia mpaka ni miaka 18, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Ninajua kuna mvulana wa miaka 19 anayesoma haya na kufikiri kwamba rafiki yake wa sekondari, wa miaka 17, ni mkubwa wa kutosha. Mbele ya hakimu wa Kampala si mkubwa wa kutosha, na wazazi wa msichana wanajua njia ya polisi. Wengine wanaijua vizuri sana, kwa sababu kesi ya namna hiyo inaweza pia kugeuzwa kuwa biashara ya kumkamua mgeni.

Kuhusu kukamuliwa, kuna mengine mawili. Picha za uchi: ukishazituma haziko tena mikononi mwako, na anayekutishia kuzisambaza haachi baada ya kulipwa mara ya kwanza, anarudi. Usilipe, tunza ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, peleka polisi. Pia kuna sheria ya Uganda ya 2023 juu ya mapenzi ya watu wa jinsia moja, ambayo inafika kifungo cha maisha na, kwa kesi wanazoziita kubwa zaidi, kifo. Mtu awe na maoni yoyote juu ya sheria hiyo, mwanafunzi lazima ajue kwamba ipo, na kwamba wapo wanaoitumia kumnasa kijana mgeni kwa miadi ya simu na kumdai feza. Mtu mliyejuana kwenye simu tu, mkutane mara ya kwanza mahali penye watu, mchana, na rafiki mmoja ajue uko wapi.

Mvulana pia anaweza kubakwa. Ninajua sentensi hii itafanya baadhi wacheke. Sheria yetu ya 2006 haikucheka; iliandika wazi kwamba mwanamume anaweza kuwa mwathirika. Masaa 72 ni yale yale kwake, na aibu yake labda ni nzito zaidi, kwa sababu hata neno la kusema tulimnyima.

Sasa mambo ya afya, kwa wale ambao wamechagua kuwa na mpenzi, na kwa wale ambao hawakuchagua kitu.

Kapoti inazuia mimba na magonjwa pamoja. Njia nyingine za uzazi wa mpango hazizuii magonjwa. Angalia tarehe kwenye pakiti, usiitunze kwenye mfuko wa suruali mwezi mzima, usivae mbili kwa pamoja kwa kufikiri unajikinga zaidi, kwa maana zinasuguana na kupasuka. Ikipasuka, kuna kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kinapatikana kwenye farmasi, na kinafanya kazi vizuri kikimezwa haraka, siku ya kwanza kuliko ya tatu. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, na hakizuii Sida wala kisonono. Wasichana wengi wanakumbuka mimba tu na kusahau hayo mengine.

Kisonono na klamidia vinaweza kukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wanawake, na vikiachwa vinaweza kuharibu uzazi. Miaka kumi baadaye watu watasema mke huyu hazai na kuanza kutafuta mchawi. Kwa hiyo kipimo ni cha wote wawili, mbele ya kuanza, na dawa pia ni ya wote wawili, kwa sababu ukitibiwa peke yako anakurudishia. Ile tabia ya kununua vidonge vitano vya antibiotiki bila kipimo, kwa ushauri wa mtu wa chumba cha pili, ni kulipia ugonjwa ujifiche. Chanjo ya homa ya ini aina B ipo: wanaoweza kuipata mbele ya kuondoka waipate, inachomwa mara tatu.

Kipimo cha Sida cha haraka hakionyeshi maambukizo ya juzi. Ukipima wiki moja baada ya hatari na kukuta huna, bado unarudi kupima, mpaka miezi mitatu ipite. Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda kipimo hicho na dawa za Sida vinatolewa bila malipo. Na mwenye virusi anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu kuna wanafunzi wetu wanaotoka nyumbani na dawa zao, waliozaliwa na virusi, na ambao wanaziacha Kampala kwa kuogopa mwenzao wa chumba aone chupa. Mtu anayeacha dawa kwa kuficha chupa anaumia kwa sababu ya macho ya watu tu.

Ikiwa umebakwa: nenda hospitali kwanza. Kama unaweza kuvumilia, usioge mbele ya kuonekana na daktari, na nguo ulizovaa uziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kwa kesi, polisi ya Uganda ina fomu maalumu ya uchunguzi wa daktari, inaitwa PF3A. Iombe ukitaka kushitaki. Lakini dawa isingojee karatasi. Ukiambiwa uende kwanza polisi, urudi kesho, kaa pale pale na useme unataka dawa ya masaa 72 sasa. Wewe mgeni usiyejua lugha, nenda na mtu. Kampala hakukosi Mkongomani wa kukutafsiria, ila umchague mwenyewe, asiwe yule unayemkimbia.

Nimeshasikia jibu. Baada ya makala ya namna hii ujumbe unakuja: ndugu mwandishi, unawafundisha watoto uzinzi; waambie wajizuie, basi. Wanaotaka kuwaambia wajizuie, wawaambie. Ni shauri zuri na wapo wanaolifuata. Lakini yule msichana wa Ijumaa usiku hakuvunja shauri hilo. Alikuwa amelala kwake. Shauri la kujizuia lina neno gani kwa ajili yake siku ya Jumamosi asubuhi? Kama halina, basi tuongeze lingine.

Na ile nchi tunayowatuma watoto wetu, ambayo tunaiogopa kwa mambo haya, ilituzidi zamani kwa kusema. Mwaka 1987 Waganda walianzisha TASO, watu wenye Sida na jamaa zao wakisaidiana bila kujificha. Mwaka 1989 mwimbaji wao mkubwa, Philly Lutaya, alisimama mbele ya watu na kusema ana Sida. Wengine hawakuamini, wengine walisema anatafuta jina. Alitumia miezi iliyobaki akienda kwenye shule na makanisa kuzungumza na vijana, na Desemba ya mwaka ule ule akafariki. Kabla yake Sida ilikuwa ni ugonjwa wa jirani. Ndani ya makanisa, watu! Na makanisa hayakuanguka.

Ninaomba basi jambo dogo kwa familia ambazo gari lao liko wiki hii au ijayo. Kuna ile bahasha ambayo mama anaitengeneza: kopi ya dipulome, kadi, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti. Wekeni humo ukurasa mmoja zaidi. Muandike namba za watu wawili. Wa kwanza awe mtu wa Kampala ambaye si yule anayempa mtoto nyumba wala anayemtunzia feza. Wa pili awe mtu wa nyumbani ambaye atapokea simu saa nane ya usiku bila kupiga kelele. Huyo si lazima awe papa. Kwa familia nyingi ni shangazi, au dada mkubwa aliyeolewa, au mama mdogo. Mumuulize kwanza kama anakubali kazi hiyo. Chini ya majina muandike «masaa 72» kwa herufi kubwa. Feza ya nyumba ya miezi ya kwanza, mumpe mtoto mwenyewe mkononi, hata kama atapoteza kidogo kwa kutojua kubadilisha.

Na huyo atakayepokea simu ajitayarishe tangu sasa. Mtoto akianza kulia kwenye simu, asiulize alikuwa wapi usiku ule, alivaa nini, na kwa nini alifungua mlango. Aulize: uko wapi sasa, uko na nani, hospitali gani iko karibu, nikutumie feza ya boda kwenye namba ipi.